Kanuni ya Doa

Dakta Nantongo hakutaka kupiga simu. Alipanda ndege kutoka Kampala mpaka Mbeya, akapanda ngazi za jengo la jarida akiwa bado na koti la safari, akaketi mbele ya meza ya mhariri mkuu na kusema hataondoka mpaka aambiwe alipokosea. Alisema kwa upole. Laiti angegomba, Tusekile Mwakyoma angejua la kufanya, maana wagomvi alikuwa amewazoea. Ni hawa wapole ndio waliomshinda.

"Wagonjwa wangu wa majaribio wamerudi makazini," alisema Nantongo. "Wengine niliwapokea wamebebwa mgongoni. Mwaka jana mlinikatalia, nikanyamaza. Sasa nakuuliza kama dada, si kama mhariri. Makala yangu ina ubaya gani?"

Ubaya wake Tusekile aliujua. Makala ile ya tiba ya saratani ya ini ilipewa wapitiaji watatu. Wawili waliikubali, wa tatu akaikataa, na huyo wa tatu ndiye aliyesikilizwa. Jina la mpitiaji halitajwi, hata kwa mwandishi anayelia, hata mahakamani. Tena makala ikishakataliwa hairudi mlangoni mpaka ipite miaka mitatu, na Nantongo alikuwa amesubiri mmoja tu.

Watu wa nje huuliza kwa nini jarida liwe na roho ngumu namna hiyo. Wamesahau upesi. Tusekile alipokuwa bado anasoma, jarida la sayansi lilikuwa kitu cha kusoma tu: daktari anasoma, anakubali au anatikisa kichwa, na mgonjwa anaandikiwa dawa na mtu anayemtazama usoni. Kisha ikaja Miaka ya Makala Bandia. Mashine zilijifunza kuandika utafiti vizuri kuliko watafiti wenyewe, zikabuni wagonjwa ambao hawakuzaliwa, wakapona maradhi ambayo hawakuugua, kwa dawa zilizokuwa zinauzwa kweli madukani. Madaktari waliamini. Waliokufa hakuna aliyewahesabu sawasawa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na dunia ilishtuka vibaya: nchi zikakutana, zikawanyang'anya madaktari uamuzi wa dawa za saratani, zikaacha mlango mmoja tu wa kupitia. Mlango huo ni Jarida la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo kila mtu analiita Chujio.

Makala inayoingia Chujio husomwa na wapitiaji watatu, binadamu wa nyama na damu waliokula kiapo. Ikipita, mhariri mkuu huweka kiganja chake kwenye kioo kilicho mezani, na Mkondo, ule mtandao unaounganisha hospitali zote, huisoma papo hapo. Kabla jua halijazama mitambo ya dawa kuanzia Santiago hadi Songea inachanganya kama makala inavyosema. Hakuna daktari katikati. Kiganja cha Tusekile kilikuwa kimetibu watu wengi kuliko daktari yeyote aliyewahi kuishi, na karibu wote hakuwahi kuwaona.

Kioo hicho sasa kilikuwa kati yake na Nantongo. Akamjibu jibu la ofisi, kwamba uamuzi ulifuata utaratibu. Nantongo akashukuru, akauliza choo kiko wapi. Bomba lilisikika likimwaga maji kwa muda mrefu kuliko wa kunawa mikono, na Tusekile akaona aibu iliyomkaa kifuani mpaka jioni.

Kesho yake alifanya jambo ambalo mhariri halifanyi. Alikwenda kumtafuta yule mpitiaji wa tatu.

*

Profesa Rwechungura alikuwa mkali kuliko wapitiaji wote wa Chujio, na Tusekile alimpenda kwa ukali huo. Kila alipokuwa na shaka na makala, alimpelekea yeye, akalala usingizi. Ila kwa muda sasa mzee alikuwa kimya. Makala alizotumiwa hazikurudi, na huyu hakuwa mtu wa kuchelewa. Simu ya nyumbani kwake Iringa ilipokelewa na mpwa wake, akasema mjomba amelazwa. Tusekile alipanda treni ya asubuhi akijiambia labda ni presha. Mtu hujiambia mengi akiwa kwenye treni.

Haikuwa presha. Mlango wa wodi ulikuwa umepakwa rangi ya zambarau, ambayo siku hizi kila mahali ni rangi ya wagonjwa wa saratani. Alisimama hapo ameshika kitasa, akatamani kurudi stesheni.

"Ingia, mama, usiogope," ilisema sauti kutoka kitanda cha kwanza. "Huyo mwenzangu haumi. Ni Mhaya tu."

Mwenye sauti alikuwa Mzee Luvanda, mfanyabiashara wa viazi kutoka Makete, mtu mwenye mabega mapana na pampu ndogo ya dawa iliyofungwa mkononi kwa mkanda. Tusekile alimwamkia. Mzee akaitikia marahaba, kisha akaanza kumshtaki jirani yake: kwamba anaugua kwa Kiingereza, hata kikohozi chake ni cha Kiingereza, manesi wanahitaji mkalimani. Profesa alicheka kwa taabu kitandani kwake. Alikuwa amekonda mpaka miwani ilikuwa kubwa usoni, na weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano.

Tusekile hakuhitaji kuambiwa, lakini aliuliza. "Ini?"

"Ini."

"Tangu lini, Profesa?"

Profesa alitazama dirishani. "Huu mwaka wa nne."

Kiapo cha Chujio kiko wazi kuhusu jambo hilo. Mwenye saratani hapitii makala za saratani, kama mwenye njaa asivyopewa kisu cha kugawa nyama. Na huyu alikuwa amekishika kisu miaka yote hiyo. Tusekile aliketi kwenye kiti cha wageni, akamuuliza kwa nini hakusema.

Profesa akaeleza, kwa sauti ya chini na kwa kupumzika. Siku aliyopewa majibu alirudi nyumbani akakuta makala mbili zinamsubiri, akazipitia, kwa kuwa ndiyo kazi pekee katika nyumba ile ambayo haikuwa ugonjwa. Kesho yake zikaja nyingine. Alijua akijiuzulu atabaki kuwa mgonjwa tu, mtu wa kuulizwa kama amekula. Mitambo ya hospitali inajua uvimbe, haijui jina, kwa hiyo hakuna aliyemgundua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye methali hiyo aliijua vizuri. Aliomba tu kimkute amemaliza makala iliyoko mezani.

Tusekile alikuwa anasikia hasira ikimpanda. Alijua hadithi inayofuata, ile ambayo kiapo kilitungwa kwa ajili yake: mgonjwa anayejipitishia dawa. Kisha kitu kikamkwama.

"Lakini ya ini uliikataa," alisema. "Ile ya Kampala. Ilikuwa tiba yako mwenyewe."

"Ndiyo maana niliikataa."

"Ilikuwa mbovu?"

"Ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na mapengo, haya ya kawaida, wagonjwa wachache, muda mfupi. Ingekuwa ya mtu mwingine, ningewaambia walete maelezo. Nilipoisoma moyo uliruka, Dokta. Nikasema huyu si mimi anayefurahi, hili ni ini linaongea. Nikaipiga kila mahali ilipoonyesha udhaifu mpaka ikalala chini. Usiku ule nililala vizuri. Nilijiona mwadilifu."

Mzee Luvanda alikuwa amewasha redio yake ya kusikilizia mpira, ameiweka sikioni kwa adabu ili asisikilize. Tusekile alimtazama Profesa na kuona kwamba mtu huyu alikuwa amejinyonga kwa kamba ya uadilifu wake, na kamba hiyo ilikuwa imefungwa shingoni mwa wengine pia. Alimhurumia na alimchukia kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo alijichukia mwenyewe, maana ukali ule ndio uliokuwa unampa usingizi.

"Na hizo nyingine?" aliuliza.

"Zote vilevile. Kila iliyonipa tumaini niliishuku. Nilizopitisha miaka hii ni zile nilizoshindwa kuziangusha, na hizo ni chache." Akainua kidole kuelekea kitanda cha kwanza. "Dawa ya jirani yangu ni mojawapo. Hajui."

Pampu ya Mzee Luvanda ilitoa mlio mdogo na kusukuma tone. Akawageukia, akatoa redio sikioni, akaeleza bila kuulizwa kwamba alipoletwa hapa watoto wake walikuwa wameshaanza kuulizana nani atanunua jeneza, na sasa anakula ugali, tena anaudai. Bado nusu ya dozi. Daktari amemwonya kwamba dawa hii haikatishwi katikati: ukiikatisha, uvimbe hurudi ukiwa umeshaizoea, na hapo hausikii tena.

"Lakini kwa nini ikatishwe?" akasema Mzee Luvanda. "Inajiendesha yenyewe hii."

*

Naibu wa Tusekile alikuwa Nasra Abdulwakil, mwanamke wa Unguja aliyeingia Chujio akiwa msahihishaji na kupanda mpaka chumba cha pili. Aliisikiliza habari yote amesimama, buibui lake likiwa bado na matone ya mvua ya Mbeya. Alipomaliza kusikiliza alifunga mlango.

Hawakuhitaji kuelezana Kanuni ya Doa, ila waliirudia kwa sauti, kama watu wanaokagua kufuli. Mpitiaji akipatikana na doa, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kila makala aliyoikataa tangu siku aliyojua ugonjwa wake hufunguliwa na kupewa wapitiaji wapya bila kungoja miaka mitatu. Na kila makala aliyoipitisha tangu siku hiyo husimamishwa. Kusimamishwa maana yake ni kwamba Mkondo huifuta kwenye mitambo saa hiyohiyo, pampu zinanyamaza, na zinabaki kimya mpaka makala ipitiwe upya. Kupitia upya kunachukua karibu mwaka. Wagonjwa waliokuwa kwenye tiba za Rwechungura, katika nchi zote, walikuwa wengi kuliko wakazi wa Mbeya na Iringa wakiwekwa pamoja. Karibu wote walikuwa katikati ya dozi.

"Na hizo tiba ni safi kuliko nyingine zote tulizo nazo," alisema Tusekile. "Alizikagua akiwa na kinyongo nazo. Lakini kanuni haiulizi alikuwa na kinyongo au mapenzi. Inauliza alikuwa na saratani."

"Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

"Msumeno huu unakata watu, Nasra."

Njia ya kwanza ilikuwa kunyamaza. Mzee atakufa, siri itazikwa naye, pampu zitaendelea. Na tiba ya Kampala itakaa kabatini miaka miwili zaidi, wakati wenye saratani ya ini wanakufa kila siku, huku yeye akijua kwamba ipo na inafanya kazi. Aliukumbuka mlio wa bomba la choo, akaiondoa njia hiyo. Njia ya pili ilikuwa kusema ukweli mtupu, na kuinyamazisha pampu ya Mzee Luvanda na za wenzake wote.

Njia ya tatu aliisema taratibu huku akitazama meza. Kila kitu kilisimama juu ya siku moja: siku mpitiaji alipojua. Kama Profesa alijua ugonjwa wake mwaka jana tu, siku chache kabla ya kupokea makala ya Kampala, basi doa linaanzia hapo. Baada ya Kampala hakupitisha chochote. Hakuna pampu hata moja itakayozimwa, na makala ya Kampala inafunguliwa. Daktari aliyempima miaka minne iliyopita alishafariki. Ushahidi unatolewa na mhariri mkuu kwa sauti yake mbele ya mpitiaji, na mpitiaji asipopinga, umekubaliwa.

Nasra alikuwa mtu wa kusali, na Tusekile alidhani atamwambia habari za dhambi. Hakumwambia.

"Na zile nyingine alizozikataa, Dokta?"

"Zitabaki zilivyo."

"Kwa hiyo utaapa kwamba alizikataa akiwa mzima wa roho. Nawe unajua alizikataa kwa hofu."

"Zile ni makala tu. Hakuna mtu aliyelala kitandani akiitegemea hata moja. Huyu mzee wa viazi nimemwona anakula."

"Zina watu wao," alisema Nasra. "Ila wenyewe hawajui kama ndio wao. Nawe hujawaona, basi imekuwa rahisi."

Haikuwa rahisi, na Tusekile alimwambia hivyo kwa sauti iliyopanda kuliko alivyotaka. Alimuuliza yeye angefanya nini. Angeizima pampu ya mtu anayemtazama? Nasra akasema hajui, na kwamba anamshukuru Mungu sauti inayotakiwa si yake. Kisha akasema neno ambalo Tusekile alilibeba mpaka Iringa: hatakuwepo siku ya ushahidi, na hatamwambia mtu, na asishukuriwe kwa lolote kati ya hayo mawili.

*

Alirudi wodini wakati wa kuona wagonjwa, amebeba mkobani kifaa cha Msajili, ile mashine inayopokea ushahidi wa Chujio; ni kidogo kama sabuni ya kuogea na ndicho sikio la Mkondo popote kinapowekwa. Mzee Luvanda alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma kwa afya. Profesa alikuwa amekalishwa kwenye mito.

Alimweleza aliloamua. Mzee alisikiliza amefumba macho, na alipoyafumbua alicheka kicheko kifupi kilichomuumiza. Asubuhi hiyo madaktari walikuwa wamemwambia kwamba ini lake limepita mahali pa tiba yoyote, iwe ya Kampala au ya peponi.

"Hainisaidii tena hata ikipita," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nafaa kuipitia."

"Nahitaji usinipinge tu, Profesa. Sikuombi uongo."

"Unaniomba, Dokta. Tusidanganyane sisi wawili, tumebaki wachache." Akavuta pumzi. "Sitasema uongo, sijui hata unaanziaje. Lakini nimesema mengi maishani. Leo nitanyamaza."

Tusekile akaweka kifaa juu ya shuka, kati yao. Taa yake ndogo ikawaka. Sauti ya Msajili ilikuwa ya mwanamke mtulivu, Kiswahili sanifu kisicho na kwao. Ilimtaka ajitambulishe, ikamtambua kwa sauti. Ikamuuliza kama mpitiaji aliye mbele yake ana doa. Akasema analo. Ikamuuliza mpitiaji alijua lini.

Alikuwa ameijaribu sentensi hiyo kwenye treni mara nyingi. Akataja tarehe, wiki moja kabla ya siku Profesa alipopokea makala ya Kampala.

"Mpitiaji anapinga?"

Profesa Rwechungura alitazama dari. Msajili alingoja kwa muda ule uliowekwa na kanuni, na muda huo Tusekile alisikia kila kitu, toroli la chai kwenye korido, mkoromo wa Mzee Luvanda, pampu ikisukuma tone.

"Mpitiaji hakupinga. Ushahidi umepokelewa. Makala ya Kampala imefunguliwa na imetumwa kwa wapitiaji wapya. Hakuna tiba iliyosimamishwa."

Basi. Machozi yalimjia ghafla, akayaachia. Alimwona Nantongo akipokea habari hiyo sasa hivi, popote alipo, pengine kwenye foleni ya benki au jikoni, na kwa dakika hiyo moja alifurahi kama mtu asiye na kosa. Alinyoosha mkono kuchukua kifaa. Taa ilikuwa bado inawaka.

"Kwa kuwa mpitiaji hakuwa na doa kabla ya tarehe iliyotajwa," Msajili aliendelea kwa utulivu uleule, "mhariri mkuu atathibitisha kila uamuzi wa mpitiaji huyo wa kukataa uliotangulia tarehe hiyo, katika miaka mitano. Uamuzi uliothibitishwa hautafunguliwa tena. Jibu ni halali, au si halali. Ukijibu si halali, utatoa sababu."

Kifungu hicho alikuwa hakijui. Labda aliwahi kukisoma, zamani, jinsi mtu anavyosoma maandishi madogo nyuma ya tiketi. Hakijawahi kutumika, kwa kuwa hakuna mpitiaji aliyewahi kupatikana na doa. Hautafunguliwa tena. Hata baada ya miaka mitatu. Hata milele. Alimtazama Profesa, na mzee naye alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, macho ya manjano yamemtoka.

Msajili akasoma makala ya kwanza. Ilikuwa ya saratani ya mapafu kwa wachimba madini, kutoka timu ya Lubumbashi. Tusekile aliwaza haraka kuliko alivyowahi kuwaza maishani. Akisema si halali, ataulizwa sababu, na sababu ilikuwa moja tu duniani. Akiitoa, tarehe inaanguka, na pale kitanda cha kwanza pampu ya Mzee Luvanda inanyamaza.

"Halali," alisema.

Ikaja ya shingo ya kizazi, kutoka Chennai. "Halali." Ikaja ya damu, ambayo aliikumbuka kidogo, mwandishi wake alikuwa kijana wa Arusha aliyeandika vizuri mno. "Halali." Sauti yake ilianza kuwa kama ya Msajili, akaisikia na kuogopa. Kwenye kila kichwa cha makala alijaribu kuona karatasi tu, kama alivyomwambia Nasra, na kila safari alimwona mtu ambaye hakuwa na uso, amekaa kwenye benchi la korido kama hii, anangoja aitwe jina.

"Saratani ya jicho kwa watoto walio chini ya miaka mitano," alisoma Msajili. "Tiba isiyong'oa jicho. Timu ya Moshi na Hanoi. Kukataliwa na mpitiaji, halali au si halali?"

Profesa alitoa sauti ndogo, kama aliyekanyagwa mguu, akaziba mdomo kwa kiganja.

Tusekile aliinamia kitanda mpaka nywele zake zikagusa shuka. Alikuwa anaomba, na alijua anachoomba ni kitu kiovu, kwamba makala hiyo iwe takataka. Alinong'ona ili kifaa kisimsikie.

"Ilikuwa dhaifu, Profesa? Niambie hii ilikuwa dhaifu kweli."

Mzee aliondoa kiganja mdomoni. Hakuwa anajua uongo unaanziaje, kama alivyosema mwenyewe, na hata sasa hakujua.

"Ilikuwa bora kuliko ya Kampala," alinong'ona.

Kitandani kwake Mzee Luvanda alijigeuza usingizini, akaukumbatia mkono wenye pampu ili asiulalie.

"Mhariri mkuu," alisema Msajili, "halali au si halali?"

"Halali," alisema Tusekile, na Msajili akasoma inayofuata.